Kadi za Kocha Tveit

Kila Ijumaa ya msimu, kwa miaka thelathini na sita, Orrin Tveit alichora mistari ya uwanja wa mpira wa Kimarekani kwa mikono yake mwenyewe. Chuo cha Nordby kilikuwa na mtu wa kutunza viwanja, mpole asiye na neno na mtu, lakini kazi hiyo hakuwahi kupewa. Kocha alifika saa kumi na mbili asubuhi, majani yakiwa bado yamelowa, akajaza rangi nyeupe kwenye kigari, akaanza kusukuma polepole kutoka upande wa kaskazini, macho yake yakiwa kwenye ghala la mahindi lililo ng'ambo ya barabara. Ukitazama chini mstari unapinda, alikuwa akiwaambia wachezaji wake. Tazama mbali, miguu itafuata.

Alifika Nordby ana miaka ishirini na minane, akiwa na mke, gari lililovuja mafuta, na imani kwamba angekaa misimu mitatu kisha aitwe mahali pakubwa zaidi. Hakuitwa. Mara moja tu, mwaka ule waliposhinda ligi, simu ililia kutoka chuo kimoja cha Wisconsin wakati wa chakula cha mchana. Alizungumza dakika kumi, akarudi mezani. LaVonne, mkewe, akamuuliza wamesemaje. Akajibu kwamba wamempata mtu mwingine, akamalizia viazi vyake. Tangu siku hiyo hawakulizungumza tena jambo hilo, na labda ndiyo sababu walidumu.

Alishinda mechi mia moja na sitini na moja, akashindwa mia moja na themanini na saba. Katikati ya hizo alifundisha kuogelea, akaendesha basi la timu kwenye barafu, akafua jezi wiki ambazo mashine ya chuo iliharibika, na akasimama kanisani mahali pa mzazi kwenye harusi za wachezaji ambao mama zao walikuwa wamekufa. Binti zake wawili walijifunza kusoma wakiwa wamekaa kwenye ngazi za watazamaji, wamefunikwa blanketi, huku baba yao akipaza sauti kule chini kwa watu wenye kofia ngumu.

Mpira wa Nordby haukuwa ule wa televisheni. Hakuna aliyelipwa kuucheza. Wachezaji walikuwa watoto wa wakulima, wa mafundi magari, wa wafanyakazi wa viwandani, na Jumamosi walijaa watu mia sita, nusu yao bibi na babu za watoto hao. Vijana walicheza miaka minne, wakavunjika vidole, wakapata shahada, wakaenda kuwa walimu na wahasibu na wauza matrekta. Kwa Tveit kazi yenyewe ilikuwa hiyo, na mpira ulikuwa njia tu ya kufika jikoni kwa mama zao.

Maana alianzia jikoni daima. Majira ya baridi aliendesha gari peke yake maili mia mbili, mia tatu, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye meza ya jikoni, akala chochote alichowekewa: viazi na nyama ya kusaga vilivyookwa pamoja, chapati laini za viazi zenye siagi na sukari, kahawa nyepesi ya kule inayonywewa tangu asubuhi hadi usiku. Hakuzungumza habari za mpira mpaka aulizwe. Kabla ya kuondoka alitoa kadi nyeupe mfukoni, akaandika jina la kijana, mwezi na mwaka ambao angehitimu, akatia sahihi, akampa mama. Mama aliibandika kwenye mlango wa friji. Siku ya mahafali, miaka minne baadaye, mama alikuja nayo, imekuwa ya njano, ina madoa ya mchuzi, akamrudishia. Kocha aliiweka kwenye kopo la biskuti lililokuwa juu ya kabati la ofisi yake.

Kadi zilizokuwa hazijarudi miaka yote hiyo zilikuwa kumi na moja. Hakuhitaji kuziandika popote. Mmoja gari lake liliteleza na kuingia ziwani mwezi wa Desemba. Wawili walienda vitani, mmoja wao akarudi lakini hakurudi darasani. Mmoja baba yake alianguka ghafla na ng'ombe wa kukamuliwa walikuwa sabini. Aliwajua wote, mmoja mmoja.

Alikuwa na jambo jingine lililojulikana ligi nzima. Kila Agosti, siku ya tatu ya mazoezi, jua likiwa limewapiga vijana mpaka wengine wanatapika kando ya uzio, aliwakusanya, akanyoosha mkono kuelekea geti. "Mlango ule pale," aliwaambia. "Hapa hapana kitu kinachokungoja. Lori la maziwa linapita saa kumi, dereva ni rafiki yangu. Anayetaka kwenda aende." Kisha akawageuzia mgongo. Alipogeuka tena wote walikuwa wamesimama palepale, wananuka jasho, wengine wanacheka chini chini, na yeye akawaambia wakanywe maji. Hakuna aliyepanda lori hilo hata mmoja. Wale wa mwaka wa pili waliwafundisha wa mwaka wa kwanza: Kocha akikuonyesha mlango, simama wima. Anakupima.

*

Marcel Dufresne alitoka kaskazini, kwenye bonde la Mto Red, ambako ardhi imelala kama meza na harufu ya kiwanda cha sukari haikuachi kuanzia Septemba hadi Machi. Alikuwa na ratili mia mbili na tisini, miguu myepesi, na haya nyingi. Alicheza mstari wa mbele, kazi ya kugongana na watu ili mwingine apite na kupigiwa makofi.

Siku Tveit alipokaa jikoni kwao, mama yake, Rochelle, alikuwa ametoka zamu. Nywele zake bado zilikuwa na alama ya wavu wa kiwandani. Alimwekea kocha sahani, akakaa mbele yake, akamwambia bila kuzunguka:

"Mimi mpira sina habari nao, Kocha. Nakuambia mapema."

"Hata mke wangu hana, na tumeoana miaka mingi."

"Baba yake alikaa kile kiwanda miaka kumi na tisa. Mkono wake mmoja ulibaki mle. Alipotoka hakuwa mtu wa kuishi naye, akaenda. Babu yake naye alikuwa kule. Mimi niko kule. Nataka mmoja tu asiingie."

Marcel alikuwa amesimama karibu na friji, amejikunja, anajifanya kusoma kalenda.

"Anasoma vizuri?" kocha akamuuliza mama.

"Muulize mwenyewe, si mfu."

Kocha alicheka. Akatoa kadi, akaandika, akatia sahihi. Rochelle aliisoma mara mbili, kisha akaondoa picha ya mjomba mtu kwenye friji ili kuipatia nafasi.

Hiyo ilikuwa Februari. Agosti ya mwaka wake wa kwanza Marcel alionyeshwa mlango pamoja na wenzake, akasimama wima, na msimu ule alicheza kila mechi. Alama zake zilikuwa nzuri. Alitaka kuwa mwalimu wa hesabu.

*

Katika wiki ya pili ya Septemba, Marcel akiwa sasa mwaka wa pili, mkuu wa chuo alimwita Tveit ofisini. Aliitwa Philip Gaustad, mtu wa miaka hamsini na kidogo aliyezungumza kama kasisi anayesoma matangazo ya misiba.

"Keti, Orrin."

"Nikiketi kusimama ni kazi. Magoti haya."

"Keti tu."

Aliketi. Gaustad alifunga mlango, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Tunafunga chuo," akasema. "Mei, baada ya mahafali. Wanafunzi hawaji tena kama zamani, nawe unayaona mabweni. Bodi imeshaamua. Itatangaza wiki ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, si kabla."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anakata majani. Tveit aliisikiliza mashine ile mpaka ikageuka kona.

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu karibu utaanza kuzunguka kwenye majiko ya watu. Sikutaka uandike kadi nyingine."

"Na zile nilizokwisha kuandika?"

Gaustad aliinamia meza. "Ikivuja sasa, watoto watahama kabla ya Krismasi, walimu watawafuata, na Mei hatuifiki. Wale wa mwaka wa nne watabaki mikono mitupu. Kwako wako wangapi?"

"Kumi na saba."

"Basi wafikirie hao kumi na saba. Na ukimwambia mmoja umewaambia wote. Unajua mji huu."

Akanyoosha mkono. Tveit aliutazama mkono ule, kisha akaushika. Kwa watu wa kule jambo likishashikiwa mkono limekwisha. Hakuna karatasi wala shahidi, na mtu anayelivunja hata kinyozi wake humnyoa kimya. Alikuwa ametoa mkono wake hivyo maisha yake yote na hakuwahi kuujutia.

Alimwambia LaVonne, kwa kuwa hakuhesabu kumwambia LaVonne kuwa ni kumwambia mtu. LaVonne alikuwa anakunja taulo. Aliendelea kuzikunja mpaka zikaisha.

"Na yule mtoto wa mama wa kiwandani?" akauliza.

"Yuko mwaka wa pili."

"Najua yuko mwaka wa pili, Orrin. Nimekuuliza yeye itakuwaje."

Tveit aliinuka. Alipanda ngazi kwenda kuvaa viatu vya mazoezi, akakaa kitandani kiatu kimoja mkononi, na LaVonne alipokuja kumtazama alimkuta bado yuko hivyo.

*

Jumatatu ya mwisho ya Oktoba, Marcel alikuja ofisini kwake, chumba kidogo chini ya ngazi za watazamaji chenye harufu ya dawa ya misuli na soksi. Ilibidi aingie kwa ubavu.

"Kocha, una dakika?"

"Ninazo nyingi kuliko unavyodhani."

"Wamenipigia kutoka ng'ambo ya mto. Kile chuo kikubwa."

"Nakijua."

"Mtu wao wa mstari kavunjika goti. Wananitaka kuanzia Januari. Wanasema masomo yangu yote watayapokea, chumba, chakula, kila kitu. Wanataka jibu kabla ya Ijumaa." Alimeza mate. "Sijamwambia mtu. Nimeona nikuulize wewe kwanza."

Tveit alihisi moyo wake ukifunguka kama dirisha lililokwama muda mrefu. Hili ndilo alilokuwa akiomba bila kujua anaomba nini. Mlango ulikuwa umejileta wenyewe, na yeye hakuhitaji kuvunja neno lake kwa mtu yeyote. Alihitaji tu kumwambia kijana apite.

"Nenda," akasema.

Marcel alimtazama.

"Kocha?"

"Nenda, Marcel. Chukua nafasi hiyo."

"Bila hata kuniuliza mimi nataka nini?"

"Sikuulizi. Nakuambia." Alitafuta maneno mengine. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale aliyokuwa nayo yalikuwa yamezoea njia moja tu, kama maji kwenye mfereji. Aliyasikia yakitoka kabla hajayazuia. "Mlango ule pale. Hapa hapana kitu kinachokungoja."

Akaona jambo likitokea usoni mwa kijana. Mabega yalipanda. Kidevu kikainuka. Marcel Dufresne alisimama wima, kichwa chake karibu kugusa bomba la dari, vilevile alivyosimama kwenye jua la Agosti.

"Sawa, Kocha," akasema. "Nimekuelewa."

"Hapana, sikiliza. Simaanishi kama…"

"Nimekuelewa, Kocha."

Akatoka kwa ubavu. Kwenye korido Tveit alimsikia akipiga mluzi.

Alinyanyuka kumfuata. Akafika mlangoni, mkono juu ya kitasa. Angemwambia nini? Kwamba safari hii ni kweli? Angeulizwa kwa nini ni kweli. Na baada ya hilo swali kulikuwa na majina kumi na saba na mkono wa Gaustad. Alisimama pale mpaka magoti yakamuuma, kisha akarudi kukaa.

Ijumaa asubuhi alikuwa katikati ya uwanja na kigari chake cha rangi Marcel alipokuja akikatiza majani, pumzi yake ikionekana kwenye baridi.

"Nimewaambia hapana," akasema Marcel.

Tveit alitazama chini.

"Jana jioni. Walikuwa wastaarabu. Wakasema watamchukua jamaa mmoja wa Montana." Alitabasamu, tabasamu la mtoto aliyefaulu mtihani. "Ulidhani nitapanda lori la maziwa, eh?"

Kesho yake, kwenye mstari wa yadi thelathini na tano, palikuwa na mpindo ambao watu wote mia sita waliuona. Bi Hjordis, aliyekuwa hajakosa mechi tangu mumewe alipokuwa mchezaji, alimpigia kelele kutoka kwenye kiti chake: "Kocha, jana ulikunywa nini?" Watu wakacheka. Yeye akainua kofia yake kumsalimu.

*

Alimpigia Rochelle simu Jumapili mchana, baada ya kanisa. Alifanya mazoezi ya maneno kwanza, peke yake kwenye gari.

"Mama Marcel, ni mimi, Tveit."

"Kocha. Amevunjika nini?"

"Hajavunjika. Nataka kuzungumzia ile nafasi ya ng'ambo ya mto."

Rochelle alianza kucheka. Alikuwa na kicheko kizito, cha mtu asiyekitumia ovyo. "Amenieleza. 'Mama, Kocha amenionyesha mlango.' Nikamwambia, huyo mzee asingehangaika kukuonyesha mlango kama hakupendi. Si ndivyo?"

"Rochelle, ile nafasi ilikuwa nzuri. Bado angeweza kuwapigia kabla yule mwingine hajatia sahihi."

Kicheko kikaisha. "Umemchoka?"

"Hapana."

"Kuna kosa amefanya?"

"Hapana. Ni mtoto mzuri kuliko wengi."

"Basi ni nini?"

Kwenye bustani ya jirani majani makavu yalikuwa yamekusanywa kwenye mafungu, na upepo ulikuwa ukiyarudisha yalikotoka. Tveit aliyatazama. Mdomo wake ulikuwa wazi, na neno lilikuwa pale, juu ya ulimi.

"Basi," akasema, "nilitaka tu ujue kwamba ilikuwa nzuri."

"Kocha, wewe ndiye uliyekuja ukala jikoni kwangu. Wao walipiga simu tu. Kadi yako iko hapa mbele yangu nikizungumza. Ngoja nikalale, naingia zamu saa mbili."

*

Mechi ya mwisho walishindwa kwa alama tatu. Kwenye timu hakuna aliyejua kuwa ni ya mwisho kabisa isipokuwa mtu mmoja, na yeye aliitazama yote akiwa amekunja mikono, kama kawaida. Tangazo lilikuja Jumatatu ya wiki ya Shukrani, barua moja kwa wanafunzi wote, saa nne asubuhi. Kufika saa sita timu nzima ilikuwa imekusanyika kwenye chumba cha kubadilishia nguo bila kuitwa. Tveit aliwaambia wale wa mwaka wa nne kwamba watamaliza. Aliwaambia wengine kwamba ataandika barua, atapiga simu, kila chuo, kila kocha anayemjua. Walimsikiliza kwa adabu. Kisha wakaanza kutoka mmoja mmoja, wengine wakimshika bega.

Marcel alibaki kwenye benchi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Septemba."

Kijana aliinama, akakaza kamba ya kiatu. Bomba lilikuwa likidondosha maji mahali fulani. "Kwa hiyo siku ile," akasema, "ulikuwa unamaanisha."

"Nilikuwa namaanisha."

Marcel alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeelezwa njia na dereva mwenzake. Hakupandisha sauti. Tveit angependa apandishe. Alichukua begi lake, akapita mlangoni kwa ubavu, na safari hii korido ilikuwa kimya.

Jumamosi ya wiki hiyo, mchana, theluji ya kwanza ikiwa inaanguka bila haraka, gari lilisimama mbele ya nyumba ya akina Tveit. Rochelle Dufresne alikuwa ameendesha maili mia moja na themanini. Alivua viatu vyake mlangoni. Alikaa jikoni, na LaVonne, bila kuuliza, akamwekea sahani ya bata mzinga aliyebaki, viazi na kahawa.

Alikula. Alikula taratibu mpaka nusu ya sahani ndipo akazungumza.

"Anaanza kiwandani Jumatatu. Wamempa kwenye mitambo, alipokuwa baba yake."

"Nimepiga simu vyuo vitatu," Tveit akasema. "Kimoja kitamchukua. Atarudia nusu mwaka, si zaidi."

"Amenionyesha barua uliyomwandikia."

"Na?"

"Anasema hajui tena mtu akimwambia jambo anamaanisha nini." Alifuta mdomo. "Ni mtu mzima, siwezi kumburuta. Ni mzito pia."

Hakuna aliyecheka, ingawa yeye mwenyewe alikuwa karibu.

"Ungeniambia mimi tu, Kocha. Siku ile ya simu."

"Ningekuambia wewe, ungemwambia yeye."

"Ndiyo."

"Na yeye angewaambia wenzake wa chumbani."

"Ndiyo, angewaambia."

"Kulikuwa na wale kumi na saba wa…"

"Hesabu nimeielewa," Rochelle akasema. Sauti yake haikuwa na ukali. "Nimeipiga mara nyingi njiani, na kila mara inatoka vilevile. Sikuja kwa ajili hiyo."

Akaingiza mkono kwenye koti lililokuwa nyuma ya kiti, akatoa kadi. Ilikuwa bado nyeupe. Haikuwa imekaa kwenye friji muda wa kutosha kubadilika rangi. Aliiweka mezani, maandishi yakitazama juu, upande wa kocha.

"Ulisema niirudishe siku ya mahafali. Sasa siku hiyo haipo, nami sikujua niirudishe lini. Kuitupa nimeshindwa."

Tveit aliitazama sahihi yake. Lilikuwa jina lake, bila shaka, limeandikwa na mtu aliyekuwa na uhakika. Kopo la biskuti lilikuwa pale jikoni, juu ya jokofu. Alikuwa amelileta nyumbani alipoanza kuhamisha vitu vya ofisini. Rochelle aliliona, akajua ni nini, maana Marcel alikuwa amemsimulia. Alingoja kidogo. Tveit hakusimama kulichukua, wala hakuinua mkono wake kutoka pajani kuigusa kadi.

Rochelle alimaliza viazi, akanywa kahawa hadi chini, akamshukuru LaVonne kwa chakula. Mlangoni alipokuwa akifunga kamba za viatu alisema theluji ya kaskazini huwa mbaya zaidi kuliko hii. Gari liliwaka kwa shida, kisha likaondoka.

LaVonne alitoa sahani, akafuta meza. Kitambaa kilipofika kwenye kadi, alikizungusha pembeni mwake, akaendelea.